Mtihani Wako wa Ushuru Nimeshaufanya

Beni, baba yangu,

Barua hii nimeiweka chini ya kikombe chako cha chai ili uisome kabla hujavaa viatu. Najua utaguna, watu wanaolala ukuta mmoja wanaandikiana barua? Lakini mama yako unamjua. Kugombana na muuza mkaa siogopi, ila jambo likinigusa moyoni mdomo unakuwa mzito. Nikikuambia haya ana kwa ana nitalia, nikilia utashusha begi, na ukishusha begi mimi nitafurahi. Hapo ndipo tatizo langu lilipo.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta na kuchagua marafiki siyaandiki. Hayo nimeyasema tangu unanyonya, na masikio yako yameshaota sugu. Nataka kukuandikia habari za ushuru. Cheka tu, hata mimi nimecheka nilipoanza.

Jioni hii tulipokuwa tunakula ulisema utanipima asubuhi kabla ya basi. Niingize chumba kipya kwenye ule mfumo wa nyumba yetu ya wageni, niweke bei na ushuru, nimwandikishe mgeni wa majaribio, nimtoe, na risiti itoke sawa. Nikishindwa, unawapigia simu watu wa kampuni ya mifumo waliokupa kazi Mwanza uwaambie wasikusubiri tena. Ulisema hayo huku unamenya mizizi ya ming'oko, hukuniangalia. Nikakujibu kwa ile sauti yangu ya kinyonge, haya baba, tutaona. Nikaona jinsi ulivyonihurumia, na chakula kikanishinda hapo hapo, kwa sababu sauti ile ni ya uongo. Mfumo naujua, Beni. Naujua tangu kabla ya msimu wa korosho uliopita.

Usiruke mistari, ngoja nikueleze taratibu.

Unakumbuka siku uliyokuja na kile kishikwambi? Mimi nilikuwa na daftari langu pale kaunta, na vyumba vyetu saba nilivijua kama ninavyojua vyungu vyangu: kipi kitasa chake kinasumbua, kipi kina mbu, kipi cha kumpa dereva anayekoroma ili asiwaamshe wenzake. Baba yako aliijenga nyumba hii kwa kiinua mgongo chake cha ualimu, hapa hapa Masasi, karibu na hospitali ya Mkomaindo, ili watu wanaouguza wapate pa kulaza ubavu. Hakuishi kuifaidi kwa miaka mingi. Daftari lile lilianza kwa mwandiko wake. Kwa hiyo ulipolitoa mezani ukaweka kioo kinachowaka, nilinuna wiki nzima. Wewe ulidhani naogopa mashine. Nilikuwa namlilia mtu wangu.

Ukaanza kuingiza vyumba, picha, namba za simu. Ukaubadilisha mfumo ukaongea Kiswahili. Ulipofika katikati ukaitwa chuoni Mtwara kuchukua vyeti vyako, na ulivyokuwa unatoka uliniambia sehemu ya kodi nisiiguse mpaka urudi. Na wewe nawe! Mtu unamzaa, unamlea, halafu anakuambia usiguse. Hata stendi ulikuwa hujafika, nikavaa miwani yangu ya kamba.

Mfumo ukaniuliza kama natoza kodi ya ongezeko la thamani. Nikajibu ndiyo. Mimi ni mtoto wa misheni, nimekulia Lulindi. Kitu chenye sura ya ofisi kikikuuliza, unasimama wima na unajibu ndiyo. Nani angethubutu kusema hapana mbele ya neno kodi? Ukaniuliza tena kama kodi imo ndani ya bei niliyoandika. Hapo nikajibu hapana, kwa ukweli wangu wote, maana nilipopanga bei ile sikuwa nimefikiria kodi yoyote. Nilifikiria shuka, sabuni na maji ya kununua. Nikabonyeza, ikatokea alama ya kijani, nikajiona msomi. Siku hiyo nilipika wali.

Jioni yake akaja yule bibi wa Newala. Mjukuu wake alikuwa ameungua na uji, amelazwa, na yeye mwenyewe amechoka mpaka kanga inamlegea. Nikamwamkia, nikamtajia ile bei yetu ya wanaouguza, akasema sawa mwanangu, akaenda kulala. Sisi hapa unajua tulivyo, bei ikishatajwa mlangoni imekwisha. Mtu analala ameshapiga hesabu zake, anajua kesho atabakiwa na nini cha maziwa ya mtoto na nini cha nauli ya kupanda Newala. Asubuhi nikabonyeza kumtoa, na mfumo ukaongeza asilimia kumi na nane juu. Nami nikamsomea kama kasuku.

Akafungua fundo la kanga, akaniangalia bila hasira yoyote. "Mama Beni, bei ya jana uliitaja wewe kwa mdomo wako. Hii ya leo imetajwa na nani?"

Nikanyoosha kidole kwenye kioo. Kweli nilinyoosha kidole, kama mtoto anayemsingizia mwenzake. Nikamwambia ni ya serikali. Basi akalipa, kwa kuwa ni mtu mzima na serikali anaiheshimu, akalifunga fundo lililobaki dogo, akaniaga vizuri. Jioni hakurudi. Nilimwachia taa ya mlangoni inawaka, nikajidanganya kwamba labda amelala wodini na mtoto. Kesho yake nilipokuwa nakwenda sokoni nikamkuta kwenye baraza la duka lililofungwa, amejilaza juu ya boksi, ndoo ameiegemeza kichwani. Nilipita upande wa pili wa barabara, Beni. Sikuwa na uso.

Ulivyorudi nilikueleza yote, hukunigombeza, na bora ungenigombeza. Uliuliza tu kama tumesajiliwa kwa kodi ile. Nikasema sijui. Ukanieleza kwamba kabiashara ketu hakajafikia kiwango cha kusajiliwa, na asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mtu kodi hiyo hata kama nia yake ni njema kama ya malaika. Tukiacha kodi yetu wenyewe ya mapato, kitu tunachokusanya kwa mgeni ni ule ushuru wa nyumba za kulala wageni unaokwenda halmashauri, basi. Kumbe ile hela ya bibi haikuwa ya serikali wala ya mtu yeyote. Ilikuwa imekaa kwenye droo yangu. Nikakaa juu ya ndoo ya kufulia.

Tulimfuata wote wawili. Nikapiga magoti pale barazani, nikamrudishia chake, nikamwomba radhi. Akapokea kwa mikono miwili. "Nilijua si wewe, mwanangu," akasema. "Mtu habadiliki usiku mmoja." Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana nilikuwa mimi.

Akarudi akakaa chumba namba mbili mpaka mjukuu alipotoka hospitali. Hii ming'oko uliyokuwa unamenya jioni ni yeye aliyeituma kwa kondakta, kama anavyotuma kila anapopata.

Siku ile ile ulinikalisha kaunta ukanifundisha. Ulinifundisha kwa uvumilivu mpaka nikaona aibu, ukawa unarudia jambo lile lile kwa sauti ile ile, kama baba yako na watoto wazito wa hesabu. Nami nikaelewa. Sikiliza kama sikuelewa.

Ile ya ongezeko la thamani inazimwa kabisa, isionekane hata kwenye risiti, mpaka siku tutakapokua na kusajiliwa. Ushuru wa halmashauri unawashwa, ila unashikizwa kwenye malazi peke yake. Chai ya asubuhi, kufuliwa nguo, ndoo ya maji ya moto, hivyo haviguswi. Kisha penye lile swali la bei unajibu kwamba ushuru umo ndani, ili mgeni alichokisikia mlangoni kiwe ndicho atakachokiona asubuhi, na mfumo wenyewe uchambue kipi cha halmashauri na kipi chetu. Bei ya wanaouguza ni punguzo, siyo msamaha. Ushuru unakatwa kwenye kile alicholipa. Na siku wakibadilisha kiwango unaandika kinaanza lini, usije ukavuruga risiti za watu waliokwishalala na kuondoka. Hilo la mwisho hata hukunifundisha. Nililigundua mwenyewe mchana mmoja wewe umelala, na ilibidi niume ulimi nisije nikakuamsha kujisifu.

Maana nilikuwa nimeshaanza kuficha.

Kampuni walipopiga simu mara ya kwanza, nilikuuliza nani atanishikia mfumo na msimu ndiyo huo unakuja, wanunuzi wa korosho na madereva wao watajaa mpaka uani. Ukawaomba wakusubiri. Hilo nalo tuliite woga wa kawaida wa mama. Lakini ile mara ya pili, baba, begi lako lilikuwa limefungwa, tiketi iko mfukoni. Asubuhi mfumo ukawa unaongeza ushuru juu ya bei ya chai. Yule dereva wa lori akafoka nyumba nzima ikasikia, ukatoka mbio na mswaki mdomoni, ukarekebisha. Halafu ukanitazama muda, ukafungua begi, ukaanza kutoa mashati moja moja. Nami nikayapokea nikayatundika.

Chai haikujishikiza yenyewe kwenye ushuru. Niliamka nikaenda kaunta nikaishikiza kwa kidole changu hiki. Siku ya bibi wa Newala sikujua ninachofanya. Siku ya chai nilijua kila kitu. Nimeliandika hili na silifuti, ingawa kalamu inataka kulifuta.

Usidhani nilitaka kukuharibia maisha. Niliogopa, basi. Nyumba ya wageni ni kitu cha ajabu, kila siku ina watu na huna mtu. Wanakuamkia, wanaomba ndoo, wanaomba sehemu ya kuchaji simu, wanaondoka na shuka wameliacha sakafuni. Hakuna hata mmoja anayekuuliza wewe umelalaje, na kwa nini aulize, kwani alikuja kwako? Wewe ndiye unayeniuliza. Unapita na taulo begani, "Mama, umelalaje," hata jibu hulingojei, umeshaingia bafuni. Maneno yale mawili matatu ndiyo niliyokuwa nayapigania kwa ushuru wa chai.

Na sikuanza kwako. Baba yako alipokuwa anafundisha Chidya, wewe ukiwa hujazaliwa wala hatujui kama utakuja, alipata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Dodoma. Mgongo ukaanza kuniuma. Mwanzoni uliuma kweli, sikudanganyi. Baadaye uliacha, nami sikusema umeacha. Akawaandikia kwamba hataweza, akarudi darasani, na hakunilaumu hata siku moja mpaka tunamzika. Ila kila gari likipita usiku alikuwa anainua kichwa kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, analisikiliza mpaka linapotea, ndipo anarudi kusahihisha. Nilikuwa naye pale pale, taa moja, meza moja, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyo leo. Nikifikiria kwamba na wewe utaanza kuyasikiliza mabasi, mwili unanisisimka.

Kwa hiyo upweke nimechagua huu wa kawaida. Sitakudanganya kwamba hautauma. Nitapika kingi kwa mazoea, halafu nitakula kiporo mpaka nikichukie. Mlango wa bafuni ukilia nitadhani ni wewe, kumbe ni mtu wa dawa za mikorosho anatafuta sabuni. Jumapili kanisani wataniuliza Beni yuko wapi, nitasema Mwanza kwa kujidai, halafu nitarudi njia nzima bila wa kumsimulia jinsi mahubiri yalivyokuwa marefu. Nitalia kidogo. Mgeni atagonga, nitaosha uso, nitamtajia bei.

Wivu nao ninao, niuseme tu uishe. Unakwenda kuwafundisha mama wa watu huko, wenye hoteli za kutazama ziwa, jinsi ya kuweka kodi kwenye mifumo yao, na utawavumilia kama ulivyonivumilia mimi. Haya. Ukimkuta mmoja kajibu ndiyo penye hapana, usimcheke mbele ya wafanyakazi wake. Muulize kwanza bei yake huwa anaitajia wapi, mlangoni au mwishoni, na wageni wake ni watu gani. Ukishajua hilo ndipo uguse mfumo. Na ukimkuta mwingine anaelewa vizuri halafu anajifanya haelewi, usimkasirikie. Angalia kama kuna mtoto wake karibu na kaunta.

Sasa turudi kwenye mtihani.

Umelala, nasikia unavyogeuka kitandani, na mimi nimeshaufanya. Nilikaa mbele ya kile kioo mpaka chai yangu ikapoa. Kushindwa ni rahisi mno, Beni. Jibu moja tu nilikosee, kesho mashati yako yanarudi kwenye misumari. Kidole kilikuwa juu ya lile swali la bei na nilijisikia kama mwizi aliyeachiwa mlango wazi. Nikanyanyuka, nikaenda kusimama mlangoni kwako, nikasoma ile chaki.

Unaikumbuka? Ulipokuwa mdogo tulikuhamisha na godoro lako kila msimu, leo chumba namba tano, kesho stoo, popote asipolala mgeni. Ulivyoingia sekondari nikakupa kile cha uani kiwe chako, ukaandika mlangoni kwa chaki, SI CHA WAGENI. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Tumepaka rangi nyumba nzima mara ngapi, na mlango ule kila mara namwambia fundi auruke.

Basi nikarudi nikaingiza chumba kipya, na ni hicho hicho. Usinune. Kwanza nilikiwekea bei ya kawaida kwa ajili ya mtihani wako, ushuru umo ndani, nikamwingiza mgeni wa majaribio na chai yake, nikamtoa. Risiti ya majaribio nimeikunja humu ndani ya barua. Ihakiki. Bei ya mlangoni ndiyo bei ya asubuhi, ushuru umekatwa kwenye malazi, na chai haijaguswa.

Halafu nikabadilisha. Kinaitwa chumba namba nane, kitanda kimoja, dirisha la upande wa mipapai. Uliniambia nikipangishe, msimu ukija kitaingiza hela. Hakitaingiza. Bei nimeandika sifuri. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo, na safari hii ndiyo yangu ilikuwa na akili. Ushuru umo ndani ya sifuri, kwa hiyo halmashauri haitudai. Ili asitokee mtu akakichukua, nikakuandika wewe kama mgeni. Jina, simu, unakotokea. Hapo pa unakotokea niliandika Masasi kwa mazoea, nikafuta, nikaandika Mwanza. Mkono haukutaka, lakini niliandika.

Kimebaki kitu kimoja ambacho nimekishindwa, na naapa hiki sijifanyi. Mfumo unakataa kukuhifadhi bila tarehe ya kufika. Kila nikibonyeza, kisanduku kile kinawaka chekundu. Tarehe hiyo mimi siijui, na si yangu kuiandika. Wewe unaingia kwenye mfumo kwa simu ukiwa popote, ulinionyesha mwenyewe. Ukishafika, ukawazoea watu, ukaomba ruhusa yako vizuri, ijaze. Iwe Pasaka, iwe msimu wa mabibo, iwe mwaka kesho. Nitaiona hapa kaunta ikiingia.

Ila isiwe ya leo. Ukiandika ya leo nitaifuta, na kufuta nako najua.

Mamako